Nyota moja imenishusha, jirani ana tano: hivi hizi riviu zina haki kweli?

SWALI: Habari mtaalamu. Nina loji ya vyumba 9 huku Nkuhungu, Dodoma. Kwenye Google Maps nilikuwa na wastani wa nyota 4.8 kwa riviu 11 (yale maoni na nyota wanazoacha wageni), mwezi wa sita akaja mgeni mmoja akaniachia nyota moja, kaandika "bei juu maji hamna", basi. Nimeshuka mpaka 4.5. Jirani yangu kafungua juzi tu ana 5.0 kwa riviu 4, na mi najua kabisa ni wadogo zake. Sasa kuna kijana ananiuzia riviu 50 za nyota tano. Hizi nyota zina haki kweli? Zinamsaidia mteja au ni ushabiki tu? Na nikizinunua kuna ubaya gani kama wenzangu wote wanafanya?

JIBU: Dada yangu, mbukwenyi, na pole. Swali lako nimelirudia mara tatu maana humo ndani kuna maswali matatu na majibu yake hayafanani. Nyota zina haki? Kwa mtu wa saizi yako, hapana. Zina faida? Zipo, ila faida yenyewe haikai pale watu wengi wanapoangalia. Ununue zile 50? Usinunue, nitafika huko.

Mi kazi yangu ni takwimu, nimezunguka na madodoso mkoa huu kuanzia Bahi mpaka Kongwa, kwa hiyo nianzie kwenye kitu ninachokijua. Unakumbuka sensa ya Agosti 2022? Karani anakuja na kishikwambi chake anapiga hodi kila kaya, kwa tajiri anaingia, kwa maskini anaingia, kwa mwenye mbwa mkali anapiga kelele getini mpaka atoke mtu, hata aliyelala stendi anahesabiwa, ndo tukapata watu 61,741,120. Sasa fikiria ingefanywa hivi: tunaweka meza moja pale Nyerere Square, anayetaka kuhesabiwa aje mwenyewe. Nani angekuja? Wangekuja wenye shida na serikali wapate pa kusemea, wangekuja wapenzi wa serikali kuja kuipongeza, na watu waliokuwa wanapita wakaona foleni. Mama wa Makole aliyekuwa anakaanga maandazi yake asingekuja, ana kazi. Halafu tutoke hapo tutangaze kwamba hii ndo idadi ya Watanzania!

Basi riviu ni ile meza ya Nyerere Square. Hakuna karani aliyepiga hodi kwa wageni wako wote, kaja aliyetaka kuja. Na anayetaka kuja ni mtu mwenye kitu moyoni, kafurahi sana au kakereka sana. Mgeni aliyefika saa mbili usiku, akala chips mayai, akalala, akaoga, akatoka alfajiri kuwahi treni, huyu hana cha kuandika, ataandika nini, "nililala nikaamka"? Wakati huyo ndo mteja wako wa kweli, pengine tisa kati ya kumi ni yeye. Mwaka 2009 watafiti Nan Hu, Paul Pavlou na Jie Zhang walichambua riviu za bidhaa za Amazon wakakuta ukizipanga kwa wingi zinachora herufi J: rundo kubwa kwenye tano, karundo kwenye moja, katikati kama kumefagiliwa. Ndo maana YouTube walizitupa nyota mwaka 2010 wakaweka dole gumba, maana waliangalia wakaona karibu kila video ina tano, sasa kipimo ambacho kila mtu anapata mia kinapima nini? Netflix nao wakafuata 2017.

Na sisi huku kwetu tuna ugonjwa wa ziada. Mtanzania akiridhika anakwambia "pazuri, asante sana", anakupa mkono, anaondoka. Hafungui Google. Akitaka kukusifia atamsifia kwa shemeji yake kwenye WhatsApp kwa voisi ya dakika tatu. Akikereka pia hakwambii, ukimuuliza "umelalaje?" anajibu "salama tu", ila hapo hasira anayo na simu anayo na bando lipo. Kwa hiyo sifa zako zinapita mdomoni na lawama zinabaki zimeandikwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, mi nawaheshimu, ila hawakuwahi kuwa na loji Nkuhungu kwenye ramani ya Google.

Sasa tufanye hesabu yako, chukua kalkuleta ya simu. Riviu 11 zenye wastani wa 4.8, tuseme 9 zilikuwa za nyota tano na 2 za nyota nne, jumla nyota 53. Gawanya kwa 11 unapata 4.82, inaonekana 4.8. Kaja wa kumi na mbili na nyota yake moja, jumla 54, gawanya kwa 12, ni 4.5 kamili. Mtu mmoja huyo. Sasa mchukue mgeni yule yule na hasira zake zile zile umpeleke kwenye hoteli kubwa ya mjini yenye riviu 200 na wastani wa 4.8 kama wa kwako, nako akakosa maji, nako akaacha nyota moja. Jumla yao inatoka 960 inakuwa 961, gawanya kwa 201, ni 4.78, ikizungushwa inasomeka 4.8 vile vile. Kosa ni lile lile na mtu ni yule yule, wewe umeporomoka, wao hata hawajastuka. Na kurudi ulikotoka ni mlima, ili isomeke tena 4.8 unahitaji wageni 12 wapya mfululizo, wote tano tano, hata mmoja asikosee kidole (54 ongeza 60 ni 114, gawanya kwa 24 ni 4.75, ndo inazungushwa kuwa 4.8).

Hapo ndo ninaposema haki hakuna, na wala simlaumu mgeni kwanza. Ule wastani unaandikwa kwa desimali moja kama kitu kilichopimwa kwenye mizani ya benki, kumbe kwa riviu 12 mizani yenyewe ni ya kukisia kwa mkono. Mtu anasimama na simu yake anaona 4.5 na 5.0 anadhani kaona tofauti, hajaona kitu.

Kuhusu huyo jirani. Sisi watu wa takwimu tuna dawa ya kienyeji kwa hii kesi, unampa kila mtu riviu za kufikirika kabla hujamlinganisha, kama vile kumwambia mgeni mtaani "kwanza tunakuchukulia ni mtu wa kawaida, tutakubadilishia kadri tunavyokujua". IMDb wanatumia hesabu ya namna hii kupanga ile orodha yao ya filamu 250 bora, ndo maana filamu yenye kura 30 za ndugu wa mwongozaji haiwezi kukaa namba moja. Tuseme (namba ya mfano tu hii) loji ya kawaida mjini ni 4.2, tumpe kila mtu riviu 10 za hiyo 4.2, maana yake nyota 42. Jirani yako: 20 ongeza 42 ni 62, gawanya kwa 14, ni 4.43. Wewe: 54 ongeza 42 ni 96, gawanya kwa 22, ni 4.36. Mkizungushwa wote ni 4.4! Ile nusu nyota inayokunyima usingizi imeyeyuka. Na hoteli yenye 4.6 kwa riviu 180 ikipitishwa hapo hapo inatoka na 4.58, inawapita wote wawili, kama inavyostahili, maana wale wamepimwa kweli.

Shida ni kwamba mteja hafanyi hiyo hesabu. Na hao wadogo zake wanne wanafanya kazi kuliko unavyodhani, kwa sababu watu huwa wanafuata waliotangulia. Mwaka 2013 kwenye jarida la Science, Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walieleza jaribio moja walilolifanya kwenye tovuti ya habari: komenti zikiingia tu, baadhi wanazibonyezea kura moja ya juu, bila kusoma, ovyo ovyo kama kurusha shilingi. Mwishoni zile komenti zilizobahatika zilikuwa na alama kubwa zaidi kwa wastani wa asilimia 25. Kura moja tu ya mwanzo, ya uongo. Ni kama msiba, akilia mmoja wa kwanza mtaona.

Hapa nataka nikusogelee kidogo, usikasirike. Mwezi wa sita Dodoma ni Bunge la bajeti. Kila chumba kimejaa, watu wa wizara, wadau, waandishi, madereva wao, mpaka kuna wanaolala Chamwino wanakuja asubuhi. Nabahatisha tu lakini chumba chako cha kawaida kama ni 35,000 mwezi ule hukukiuza 35,000, na sikulaumu, mji mzima unapandisha. Sasa mgeni aliyelipa 60,000 anaingia bafuni akiwa na matarajio ya 60,000, ila bafu ni lile lile la 35,000. Nyota haipimi chumba, inapima pengo kati ya alichotegemea na alichokikuta. Ndo maana utakuta gesti ya 15,000 pale karibu na Sabasaba ina 4.6 na hoteli yenye lifti na maua ya plastiki ina 4.1, na hamna aliyedanganya. Kulinganisha namba hizo mbili ni kama kulinganisha alama za mtoto wa darasa la pili na za kidato cha nne kwa sababu wote wamepata 80.

Halafu kitu kingine. Kwenye swali lako lote umelalamikia bei ya ile nyota, ila hukusema mahali popote kwamba maji yalikuwepo.

Nakuja kwenye huyo kijana wa riviu 50. Kwanza tukubaliane kwamba uongo upo na ni mwingi, hapo huna shida ya kunishawishi. Mwaka 2017 kuna jamaa London anaitwa Oobah Butler alisajili mgahawa kwenye TripAdvisor, tovuti ya riviu za hoteli na migahawa, mgahawa ambao haupo, ni banda la uani kwake huko Dulwich. Picha za chakula alipiga kwa povu la kunyolea ndevu na vidonge vya kusafishia choo, nyingine aliweka yai juu ya kisigino chake mwenyewe akalipiga picha kwa karibu. Akaomba marafiki waandike riviu. Kwa yeyote anayepiga simu alikuwa anajibu tumejaa. Kufika Novemba mwaka ule ule banda lile likawa namba moja kati ya migahawa zaidi ya 18,000 ya London, halijawahi kupika hata uji. Na Boston huko Marekani, Michael Luca na Georgios Zervas walipochunguza riviu za migahawa kwenye Yelp, utafiti ukatoka 2016, walikuta kama asilimia 16 zilikuwa zimechujwa na mfumo kwa kushukiwa. Tena wakaona wanaodanganya zaidi ni wale wenye jina dogo, wenye riviu chache, au waliotoka kupata riviu mbaya, yaani dada yangu, watu walio kwenye hali yako kabisa. Huyo kijana hakukufuata kwa bahati, aliona 4.5 yako.

Inategemea pia mlango uko wazi kiasi gani. Google Maps mtu yeyote mwenye akaunti anaandika, hata kama hajawahi kukanyaga Dodoma. Booking.com anaandika aliyeweka nafasi kupitia wao akalala kweli, kwa hiyo kudanganya kuna gharama, inabidi ulipie chumba. Dina Mayzlin, Yaniv Dover na Judith Chevalier mwaka 2014 walizilinganisha hoteli zile zile kwenye TripAdvisor, kulikokuwa wazi kwa yeyote, na kwenye Expedia, kulikotakiwa uwe umelipia chumba, wakaona hoteli yenye mshindani wa karibu ilikuwa na riviu mbaya zaidi kule kulikokuwa wazi kuliko kule kwa kulipia. Jirani anachimba jirani, hilo ni la dunia nzima. Kwa hiyo mi nikitaka kulala mahali nisipopajua naamini zaidi 8.1 ya Booking.com (wao wanapima kwa kumi) kuliko 4.9 ya Google, sio kwamba watu wa kule ni wema zaidi, ni kwamba uongo kule una bei.

Sasa kwa nini usinunue. Zile 50 zitatoka kwenye akaunti ambazo wiki hiyo hiyo zimesifia daktari wa meno Jakarta, gereji Lagos na saluni sijui wapi, na mfumo unaona hilo kabla yako. Google wenyewe walitangaza kwamba mwaka 2023 walizuia au kuondoa riviu zaidi ya milioni 170 zilizovunja masharti yao. Zikifutwa hela imeenda, na wakiamua wanaweza kukufungia usipokee riviu mpya kwa muda na kuweka onyo kwenye ukurasa wako kwamba hapa zimeondolewa riviu feki, hapo ndo utaitamani ile 4.5. Sheria nazo zinakaza, Marekani wamepiga marufuku rasmi kuuza na kununua riviu feki tangu Oktoba 2024, Uingereza tangu Aprili 2025, na hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja hata kama haikutaja neno riviu. Lakini achana na sheria, tazama biashara yenyewe: loji ya vyumba 9 yenye riviu 12 kwa muda wote halafu wiki moja 50, zote "nice place good service", nani Nkuhungu atakuamini? Hata jirani yako atacheka.

Na kuna ununuzi wa kistaarabu ambao watu hawauoni kama ununuzi. Niliwahi kukaa kwenye sehemu moja ya nyama choma hapa mjini, siitaji, mbuzi wao mzuri kweli. Mhudumu kaja na bili na soda moja ya baridi juu ya trei, kasema "kaka hii ya ofisi, tupe tano zetu", akasimama pale pale anaangalia kioo cha simu yangu. Nilibonyeza tano. Ningebonyeza ngapi mtu kasimama na soda? Jioni nyumbani nikafungua ukurasa wao nikakuta riviu zaidi ya 300, karibu zote nyota tano, hazina neno hata moja, nikajua hizi zote ni soda. Yangu ipo humo. Google wanakataza kutoa zawadi ili upewe riviu, na wanakataza pia kuwaomba wale waliofurahi peke yao, ila ukiacha katazo, fikiria zile riviu 300 zimemfundisha nini mwenye baa? Hajui kama kachumbari yake ina chumvi nyingi. Mi najua, ina chumvi nyingi.

Je zinamsaidia mteja? Zinamsaidia akisoma, akiangalia namba tu hazimsaidii sana. Kuna utafiti wa 2016 wa Bart de Langhe, Philip Fernbach na Donald Lichtenstein, walichukua bidhaa 1,272 za aina 120 wakalinganisha nyota za Amazon na vipimo vya Consumer Reports, ambao wananunua kitu na kukipima maabara. Nyota na vipimo vilipatana kidogo sana. Yaani kitu chenye nyota nyingi hakikuwa lazima ndo kitu bora. Ila watu tunazifuata tu, na hapo ndo mfukoni kwako panapoguswa: huyo huyo Luca mwaka 2011 alionyesha kwamba migahawa ya Seattle ikipanda nyota moja kwenye Yelp mapato yanapanda asilimia 5 mpaka 9, tena hiyo ni kwa migahawa ya mtu binafsi, yale majina makubwa ya matawi mengi hayakuguswa. Inaeleweka. Hoteli yenye jina kila mtu anaijua, hana haja ya kuuliza. Wewe mgeni anayeshuka SGR kutoka Dar hakujui kabisa, nyota ndo kitambulisho chako. Kwa hiyo usijilazimishe kupuuza, inakuuma kwa sababu inagusa hela kweli.

Ngoja nikwambie mi nasomaje. Kuna kipindi nilikuwa na kazi Singida siku nne, nikaangalia kwenye ramani nikapata gesti mbili zinazolingana bei, moja 4.7 nyingine 4.1. Sikuangalia nyota tano, hizo najua ni za furaha na soda. Nikasoma za tatu na za mbili, hapo ndo kuna watu wenye akili timamu siku hiyo, hawajapagawa kwa furaha wala kwa hasira. Ile ya 4.1, mmoja analalamika hakuna dstv ya mpira, mwingine chai asubuhi ni chapati tu hakuna mayai, mwingine jogoo wa jirani. Ile ya 4.7, watu watatu tofauti, miezi tofauti, mmoja kaandika kwa Kiingereza kibovu, wote wanataja baa ya chini muziki mpaka saa nane usiku. Mimi mpira siangalii, chapati naipenda, jogoo nimekua naye. Nikalala kwenye 4.1 na nikalala kweli, kitanda tu ndo kilikuwa kifupi na hilo hakuna aliyekuwa ameliandika, nikaliandika mimi.

Kwa hiyo mteja anayeniuliza huwa namwambia atafute lalamiko moja linalorudiwa na watu wasiojuana, aangalie tarehe (riviu ya kabla uongozi haujabadilika ni historia), aangalie picha zilizopigwa na wageni maana zile za mwenye loji zilipigwa siku ya kwanza pazia zikiwa mpya, halafu ajiulize hili linalomkera huyu na mimi linanikera? Ukisoma hivyo hata riviu ya mtu mkorofi ina faida. "Bei juu maji hamna" kama nyota ni dhuluma, kama taarifa ni maneno manne yaliyonyooka.

Ndo nakurudisha kwako. Ile riviu huwezi kuifutisha, kuripoti unaweza, lakini mgeni alilala kwako na alichosema hakivunji masharti, utapoteza muda. Unachoweza ni kuifanya iwe moja kati ya nyingi badala ya moja kati ya kumi na mbili. Geuka karani wa sensa, piga hodi kwa kila mgeni. Sio wale wanaotabasamu tu, wote, hata yule aliyenuna. Chapisha ile QR code ya ukurasa wako (vile viboksi vyeusi vya kuskani kwa simu), bandika nyuma ya mlango wa kila chumba na pale kaunta, andika kwa Kiswahili "Umelalaje? Tuandikie, zuri au baya", na mtu wa mapokezi aiseme mgeni anaporudisha funguo, aiseme mara moja halafu ageuke afanye kazi nyingine, asisimame na soda. Ukipata wawili kwa wiki, ikifika Bunge la bajeti lijalo una zaidi ya 60, utapata na nyota tatu humo ndani, usiogope, ukurasa wenye tano tupu mi binafsi nautilia shaka. Tukirudia ile hesabu, ukiwa na 60 za wastani wa 4.6 akija mwingine na nyota moja utabaki 4.5 na pointi zake, huanguki tena kwa mtu mmoja.

Na ijibu. Watu wanaosoma ile nyota moja wanashuka chini kuangalia mwenye nyumba kasema nini, jibu lako wanalisoma wao, yule mgeni pengine hatarudi hata kuliona. Usimwite mwongo, usiweke jina lake wala namba ya chumba chake, usiandike insha. Kama maji yalikatika kweli, ningekuwa wewe ningeandika hivi:

"Karibu tena na samahani. Siku ile maji yalikuwa ya mgao na tangi letu likaisha usiku, tulikuwa na lita 1,000 tu kwa vyumba 9. Bei ya kipindi cha Bunge inapanda na tulipaswa kukwambia mapema kabla hujafika. Tumeongeza tangi."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiandike kabla tangi halijafika. Kama bado, iache tatu za mwanzo (namba ya lita weka ya kwako), kaulize bei pale Majengo, siku fundi akimaliza kuunga bomba unairudia unaihariri, Google wanaruhusu kuhariri jibu. Ukishaandika nitumie kwanza niione kabla hujabonyeza.